Kengele ya San Francisco

Katikati ya mwaka 1847 watu wa San Francisco walihesabiwa, wakapatikana 459. Askari wa kambini na watu wa misheni ya Dolores hawakuwemo katika hesabu hiyo, lakini hata wangejumlishwa, mahali pale pangebaki kijiji cha pwani: nyumba chache za udongo na mbao, uwanja mmoja wa wazi, ghuba iliyotulia na vilima vya mchanga kwa nyuma. Miaka mitano baadaye wakazi walikuwa wapatao 36,000. Katika muda huo mfupi mji uliungua mara sita, ukanyonga watu bila hakimu, na ukapigisha mnada ardhi yake kwa sababu ya deni la daktari mmoja. Na bado mwaka 1856 ulikuwa mbele, mwaka ambao wafanyabiashara wake walishika bunduki na kuiweka serikali pembeni kwa miezi mitatu.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama habari ya raia wema waliochoshwa na wahuni. Nimekisoma kwa namna hiyo, na kila ninapokirudia nakuta kitabu cha hesabu za duka kimefunguliwa nyuma ya kitanzi.

Kabla ya Wamarekani palikuwa pa Mexico, na kabla ya Mexico palikuwa pa Hispania, iliyojenga ngome na misheni mwaka 1776 katika nchi ya Waohlone. Kijiji cha kando ya bandari kiliitwa Yerba Buena. Julai 1846, vita vya Marekani na Mexico vikiwa vimeanza, manowari ya Portsmouth ilitia nanga, mabaharia wakapandisha bendera ya Marekani uwanjani bila risasi hata moja, na uwanja ukachukua jina la meli. Mwanzoni mwa 1847 kijiji nacho kikabadilishwa jina kuwa San Francisco.

Mmoja wa watu wakubwa wa mji huo mdogo alikuwa William Leidesdorff, mzaliwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, baba yake Mzungu na mama yake mwenye asili ya Kiafrika. Alijenga hoteli na ghala, akawa mwakilishi wa Marekani wakati California ingali ya Mexico, akashika hazina ya mji. Alifariki Mei 1848, siku chache tu baada ya mji kupagawa.

Dhahabu ilikuwa imeonekana Januari 24 mwaka ule, kwenye mfereji wa kiwanda cha kupasulia mbao huko Coloma, bara kabisa. Kwa miezi mitatu habari zilizagaa kama uvumi na wengi walizicheka. Aliyekata mzizi wa fitina ni Sam Brannan, Mmormoni aliyefika 1846 kwa meli akiongoza waumini zaidi ya 200, mwenye gazeti na duka. Hakukimbilia kuchimba. Kwanza alijaza duka lake la bara majembe, masururu na karai, ndipo akatembea barabarani San Francisco akiinua chupa ya vumbi la dhahabu na kupaza sauti kwamba imetoka mto American. Ndani ya wiki chache mji ulibaki mahame. Magazeti yalifungwa kwa kukosa wachapaji na wasomaji, askari walitoroka kambini, na mabaharia waliruka melini kabla mzigo haujashushwa. Brannan aliuza karai za senti kwa bei ya dola, naye hutajwa kuwa milionea wa kwanza wa California. Jina lake tutakutana nalo tena, na kila mara atakuwa amepanda juu ya kitu akihutubia.

Desemba 1848 Rais Polk alithibitisha habari hizo mbele ya bunge la Marekani, na dunia nzima ikafunga mizigo. Walikuja kutoka New York na Boston, kutoka Chile, Peru, Ufaransa, Ireland, Australia, na baadaye kidogo kutoka kusini mwa China. Kufikia mwisho wa 1849 San Francisco ilikuwa na watu zaidi ya 20,000, karibu wote wanaume, wengi chini ya miaka 40, na karibu kila mmoja akijiambia kwamba yuko pale kwa msimu mmoja tu. Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu anayepita tu hajengi shule, hachimbi mtaro, haendi kukaa mahakamani wiki nzima kusikiliza kesi ya mwenzake.

Fedha ilikuwepo, tena ya kutisha. Hema la turubai lililoitwa El Dorado, kando ya uwanja wa Portsmouth, lilikodishwa kwa wacheza kamari kwa dola 40,000 kwa mwaka. Yai moja liliweza kufika dola nzima. Nguo chafu zilipelekwa kufuliwa Honolulu, kwa kuwa hakukuwa na mfuaji aliyekubali ujira wa kawaida. Bandarini meli kwa mamia zilioza bila wafanyakazi, na wenye akili wakazivuta nchi kavu wakazifanya majengo. Niantic ikawa ghala, kisha ikawa hoteli. Euphemia ilinunuliwa na mji ikageuzwa gereza. Baadaye ghuba ilijazwa mchanga na majengo yakasimama juu ya meli hizo, na mwaka 1978 wachimbaji wa msingi waliyakuta mabaki ya Niantic chini ya ardhi. Majira ya mvua ya 1849 barabara ziligeuka tope la kumeza nyumbu, na watu wakatupa masanduku mazima ya bidhaa zilizokosa soko ili wapate pa kukanyaga.

Serikali? Palikuwa na mtu mmoja mwenye cheo cha alkalde, cheo kilichorithiwa kutoka Mexico, aliyekuwa hakimu, meya na mgawaji wa viwanja kwa pamoja. Palikuwa na baraza la mji, au mabaraza mawili yaliyokanushana. Polisi hawakuwepo.

Pengo hilo lilijazwa kwanza na vijana walioitwa Hounds. Wengi walikuwa askari wa kujitolea kutoka New York waliobaki bila kazi baada ya vita. Walikula bure mikahawani, wakalazimisha wenye maduka kuwapa fedha, na waliwalenga zaidi wageni waliosema Kihispania. Jumapili ya Julai 15, 1849, walivamia mahema ya Wachile chini ya kilima cha Telegraph Hill, wakapiga, wakapora na kufyatua risasi. Kesho yake Brannan akapanda darini akahutubia. Fedha zikachangwa kwa ajili ya walioumizwa, wanaume 230 wakaapishwa kuwa polisi wa muda, na viongozi wa genge wakahukumiwa hadi miaka kumi ya kazi ngumu. Adhabu hazikutekelezwa, kwa sababu gereza halikuwepo. Hata hivyo ndiyo mara pekee katika hadithi hii ambapo wakubwa wa mji walisimama kwa ajili ya watu waliodharauliwa kwa lugha na rangi zao. Mwaka uliofuata jimbo jipya la California liliwatoza wachimbaji wa kigeni kodi ya dola 20 kwa mwezi, na Wachile na Wamexico wengi wakafukuzwa migodini kwa kalamu badala ya marungu.

Kisha moto. Wa kwanza mkubwa ulizuka Desemba 24, 1849. Ukafuata wa Mei 1850, wa Juni 1850, wa Septemba 1850. Kila mara mji ulijengwa upya kwa mbao zile zile na turubai lile lile, wakati mwingine majivu yakiwa bado ya moto, maana siku ya duka kufungwa ilikuwa hasara kuliko duka kuungua. Usiku wa Mei 3, 1851, karibu mwaka kamili baada ya moto wa pili, uliwaka ule uliozidi yote. Kwa kulikwepa tope, barabara zilikuwa zimetandikwa mbao, na chini ya mbao hizo palibaki uwazi. Upepo uliingia humo, moto ukasafiri chini ya miguu ya watu na kuibukia mtaa wa pili kabla hawajageuka. Wenye uwezo walikuwa wameagiza nyumba za chuma zisizoshika moto. Wapo waliojifungia ndani yake kulinda mali. Chuma kilipopata joto kikavimba, milango ikakwama, wakafia humo. Wafanyabiashara fulani waliokoa ghala lao kwa kulimwagia siki, kwa kuwa siki ndiyo waliyokuwa nayo kwa wingi. Robo tatu ya mji ilikwisha. Juni 22 ukaja moto wa sita, ukachukua na ukumbi wa serikali ya mji.

Watu walisema ni moto wa kuwashwa. Kidole kilielekezwa Sydney Town, mtaa wa chini ya Telegraph Hill walikokaa Waaustralia, baadhi yao wakiwa wafungwa waliomaliza vifungo vyao huko makoloni ya Uingereza. Kwamba palikuwa na wezi wa kweli miongoni mwao halina ubishi. Lakini mji wa turubai, mishumaa na majiko ya bati, wenye upepo kila alasiri, hauhitaji mchomaji.

Februari 1851 mfanyabiashara aitwaye Jansen alipigwa dukani mwake akaibiwa. Walikamatwa watu wawili, mmoja akidaiwa kuwa James Stuart, jambazi sugu kutoka Sydney. Yeye aliapa kwamba anaitwa Thomas Berdue na kwamba hajawahi kumwona huyo Stuart. Umati ulijaa nje ya mahakama ukitaka kamba. Kijana mfanyabiashara, William Tell Coleman, alishauri wananchi waunde mahakama yao pale pale. Ikaundwa, lakini jopo halikukubaliana, umati ukatawanyika kwa shingo upande. Berdue alipelekwa Marysville, ambako Stuart alikuwa anatafutwa kwa mauaji, na huko akahukumiwa kunyongwa. Akawa anangoja siku yake, mtu asiye na kosa, kwa sababu ya sura.

Juni 9 ilianzishwa Kamati ya Ulinzi, rais wake wa kwanza akiwa Sam Brannan. Kengele ya kikosi cha zimamoto ndiyo iliyokuwa ishara ya kuwaita wanachama, na tangu hapo mkazi wa San Francisco aliyeisikia usiku hakujua kama atoke na ndoo ama atoke kutazama mtu akining'inizwa. Hawakungoja sana. Juni 10, jioni, John Jenkins, Mwaustralia, aliingia ofisini mwa mfanyabiashara bandarini, akabeba sefu nzima na kuipakia mashuani. Wapiga kasia walimkimbiza, akaitosa sefu majini, wakamkamata na sefu ikaopolewa. Kengele zikalia. Usiku huo huo Kamati ilimsikiliza kwa saa chache, na mnamo saa nane za usiku akaning'inizwa kwenye boriti ya jengo la kale la udongo uwanjani Portsmouth. Brannan aliwahimiza watu washike kamba, wengi kadiri iwezekanavyo, ili asipatikane wa kusema nani aliyevuta. Uchunguzi rasmi wa kifo ulipowataja watu tisa kwa majina, Kamati ilichapisha gazetini orodha ya wanachama zaidi ya 180 wakisema wote wamehusika sawa. Hakuna aliyeshitakiwa.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka sungusungu, walioanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980. Tofauti ni kubwa. Wale walikuwa wafugaji wanakijiji walioibiwa ng'ombe, serikali iko mbali. Hawa walikuwa wenye maghala, waagizaji wa bidhaa, wenye meli na mabenki, na serikali ilikuwa hatua chache kutoka milangoni mwao, inangoja kupigiwa kura na kulipiwa kodi.

Kamati ilipomkamata Stuart halisi mapema Julai, naye akakiri mengi, Berdue aliokoka kitanzi cha Marysville. Watetezi wa Kamati hulitaja jambo hilo kama sifa yake, na kweli maisha yake yaliokolewa. Ni wachache wanaokumbusha kwamba umati ule ule ungemnyonga yeye Februari. Stuart alinyongwa gatini Julai 11. Agosti wengine wawili, Whittaker na McKenzie, waliokolewa na gavana na sherifu usiku wa manane kutoka mikononi mwa Kamati. Jumapili iliyofuata, wafungwa wakiwa ibadani, wanakamati walivamia jela, wakawachukua na kuwanyonga madirishani mwa makao yao. Hesabu ya mwaka ule ikawa wanne walionyongwa, mmoja aliyechapwa viboko, na wengine wasiozidi 30 waliosafirishwa au kuamriwa waondoke. Kisha wanachama wakarudi madukani.

Sasa niache kamba kidogo niende kwenye hesabu za fedha, kwa sababu ndipo palipooza.

Peter Smith alikuwa daktari mwenye mkataba wa kuwatibu maskini wa mji kwa dola 4 kwa siku kwa kila mgonjwa. Mji ulimlipa kwa hati za deni zenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kwa mwezi. Aliposhitaki, deni lilikuwa limepita dola 64,000, mahakama ikampa ushindi, na sherifu akaanza kupiga mnada viwanja vya mji na vya ufukweni. Maofisa wa mji wakawatangazia watu kwamba minada hiyo ni batili, wasinunue. Waungwana wakakaa mbali, bei zikaanguka, wachache wajanja wakanunua kwa bei ya kutupa, na baadaye mahakama ikaamua kwamba minada ilikuwa halali kabisa. Ardhi ya thamani ya mamilioni ikaondoka hivyo. Mwaka 1852 madiwani wakalinunua jumba la maonyesho la Jenny Lind kwa dola 200,000 liwe ukumbi wa mji, huku magazeti yakipiga kelele kwamba mwenye jumba anaokolewa asifilisike.

Na alikuwepo Henry Meiggs, diwani, mwenye kiwanda cha mbao na gati refu North Beach, mtu aliyependwa kiasi cha kuitwa Harry Mwaminifu. Viwanja vyake havikununuliwa kama alivyotarajia. Siku zile ilikuwa desturi ya meya na mhasibu kusaini hati tupu kitabu kizima ili kuokoa muda. Meiggs akakichukua kitabu, akajaza tarakimu alizotaka, akakopa kwa dhamana ya hati hizo. Oktoba 6, 1854, alipanda meli yake na familia na ndugu yake, aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mhasibu wa mji, akatokomea akiacha madeni ya dola zipatazo 800,000. Jenkins aliiba sefu moja, nayo ikaopolewa. Kwa Meiggs kengele haikulia. Alijenga reli Chile, akaanza ile ya Peru inayopanda Andes kutoka Callao, akafia Lima mwaka 1877 akiwa mtu mkubwa.

Wakati huo dhahabu rahisi ilikuwa inaisha mitoni na maghala yalifurika bidhaa zisizonunuliwa. Februari 1855 meli ilileta habari kwamba nyumba mama ya benki ya Page, Bacon huko St. Louis imeanguka. Watu wakamiminika kudai fedha zao; tarehe 22 benki ikafunga milango, na kesho yake Adams & Co. ikafuata. Biashara karibu 200 zilifilisika mwaka ule. Benki moja iliyohimili iliongozwa na mwanajeshi wa zamani aitwaye William Tecumseh Sherman, yule ambaye miaka tisa baadaye angeiteketeza Atlanta.

Miongoni mwa waliopoteza riziki yao ya benki alikuwa James King of William, aliyejiongezea jina la baba ili asichanganywe na akina James King wengine. Oktoba 1855 alianzisha gazeti la jioni, *Daily Evening Bulletin*, akaandika kwa hasira ya mtu aliyefilisika, akitaja watu kwa majina: wacheza kamari, wenye madanguro, wenye mabenki waliomponza, na zaidi ya wote David Broderick, mtoto wa mchonga mawe wa Kiayalandi, aliyekuwa ameleta San Francisco siasa za mitaani za New York, za kura zinazohesabiwa na rafiki. Wizi wa kura ulikuwa wa kweli. Baadaye lilionyeshwa hadharani sanduku la kura lenye kuta na kitako cha uongo, kura zikiwa zimewekwa tayari kabla mtu hajapiga. Lakini vile vile ni kweli kwamba wafanyabiashara waliolalamika walikuwa wamezoea kutokwenda kupiga kura, na kulipa faini au kutafuta udhuru wakiitwa kukaa kwenye jopo la mahakama. Majopo hayo yakajaa wasio na kazi, na wasio na kazi walinunulika.

Novemba 1855 Charles Cora, mcheza kamari mzaliwa wa Italia, alimpiga risasi na kumuua ofisa wa sheria wa serikali kuu, William Richardson. Ugomvi ulikuwa umeanzia ukumbi wa maonyesho, ambapo mke wa Richardson alichukia kukaa karibu na Belle, mpenzi wa Cora na mwenye danguro. Belle aliajiri mawakili bora kwa fedha zake, na jopo halikuafikiana. King akaandika kana kwamba sheria imekufa. Kisha Mei 14, 1856, akachapisha kwamba diwani James Casey, mhariri wa gazeti pinzani na mtu wa siasa za mitaani, aliwahi kufungwa gereza la Sing Sing. Ilikuwa kweli. Jioni ile Casey alimngoja mtaani Montgomery na kumfyatulia bastola, kisha akajisalimisha jela.

King alikaa siku sita akiuguza jeraha. Daktari Beverly Cole alisema baadaye kwamba kilichomuua ni sponji aliloachiwa ndani ya kidonda na wenzake. Kwa mji hilo halikuwa na uzito. Kamati ilifufuliwa kesho yake baada ya King kupigwa risasi, mara hii chini ya Coleman, na katika siku chache ikawa na maelfu, hatimaye wanaume kati ya 6,000 na 8,000, wamepangwa kwa makampuni ya kijeshi. Walitajwa kwa namba badala ya majina; Coleman alikuwa Namba 1. Waliligeuza jengo mtaani Sacramento kuwa ngome, wakaizungushia ukuta wa magunia ya mchanga, wakaweka mizinga mbele na kupandisha kengele ya zimamoto ya kikosi cha Monumental juu ya paa. Jumapili ya Mei 18 watu 2,500 wenye silaha waliizingira jela, mzinga ukaelekezwa mlangoni, na sherifu akawatoa Casey na Cora. Walinyongwa Mei 22 kutoka madirishani mwa ngome, wakati msafara wa mazishi ya King unapita mitaani. Belle alifunga ndoa na Cora muda mfupi kabla.

Gavana Johnson, kijana wa chini ya miaka 32, alitangaza kwamba mji umeasi. Alimteua Sherman kuongoza wanamgambo, lakini wanamgambo wengi walikuwa ndani ya ngome ya magunia. Jenerali Wool aliyeshika ghala la silaha la serikali kuu huko Benicia alikataa kutoa bunduki, Sherman akajiuzulu, na Rais Pierce huko Washington hakuingilia. Bunduki chache za jimbo zilizosafirishwa kwa mashua zilitekwa na wanakamati majini. Tangu hapo San Francisco ilikuwa na meya, mahakimu na sherifu wa jina tu.

Na walifanya nini na uwezo huo? Waliwakamata na kuwasafirisha kwa nguvu watu wapatao 25, wengi wao Waayalandi wa kambi ya Broderick, makapteni wa siasa za kata. Bondia Yankee Sullivan, aliyeshikwa kwa wizi wa kura, alikutwa amekufa seluni mwao, mshipa wa mkono umekatwa. Juni 21 David Terry, hakimu wa Mahakama Kuu ya jimbo na adui wa Kamati, alimchoma kisu mwanakamati Sterling Hopkins katika purukushani. Wakamtia ndani hakimu wa mahakama ya juu, wakamweka wiki saba, huku wakimwomba Mungu Hopkins asife. Kwani akifa lazima wamnyonge Terry, na wakimnyonga Terry serikali kuu haitaweza tena kujifanya haioni. Hopkins akapona, Terry akaachiwa. Julai 29 walinyonga wauaji wawili zaidi, Hetherington na Brace, na Agosti 18 wakafanya gwaride kubwa na kujivunja.

Lakini hawakwenda nyumbani. Walianzisha chama chao cha People's Party, kikashinda uchaguzi wa Novemba na kutawala mji kwa muongo mzima. Matumizi ya mji yaliyokuwa zaidi ya dola milioni 2 mwaka 1855 yalishuka chini ya dola 400,000 mwaka 1857. Kodi zilipungua, na waliofaidika zaidi walikuwa wenye mali nyingi za kutozwa. Nyenzo ya kubana matumizi ilikuwa sheria ya kuunganisha mji na kaunti, iliyopitishwa na bunge la jimbo Aprili 1856, mwezi mmoja kabla Casey hajafyatua bastola. Dawa ya ubadhirifu ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwa wino, na kwa njia halali. Mwanafalsafa Josiah Royce, mzaliwa wa California, aliyeandika historia ya jimbo mwaka 1886, aliona wazi kwamba yale yalikuwa mapinduzi ya wafanyabiashara, na kwamba dhambi waliyoiadhibu kwa wengine ilikuwa kwa sehemu kubwa uzembe wao wenyewe.

Terry alimuua Broderick, aliyekuwa sasa seneta, katika pambano la bastola Septemba 1859. Brannan alikufa masikini 1889. Coleman aliitwa tena mwaka 1877 kuunda kikosi cha wenye mipini ya sururu, vurugu za kuwapiga Wachina zilipotishia gati na maghala.

Lakini yupo mtu ambaye Kamati haikumhusu kabisa, naye ananivutia kuliko wote hao. Mifflin Gibbs, mtu mweusi huru kutoka Philadelphia, alifika 1850. Alijaribu useremala, mafundi Wazungu wakatishia kugoma. Akang'arisha viatu, kisha akafungua duka la viatu na mwenzake Peter Lester, likastawi. Siku moja Lester alipigwa na mteja Mzungu ndani ya duka lake, mbele ya mwenzake. Hakukuwa na kesi. Sheria ya California ilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu, na mwaka 1854 Mahakama Kuu ya jimbo ilipanua katazo hilo liwahusu Wachina pia. Hakuna kengele iliyopigwa kwa ajili ya Lester, ingawa Gibbs naye alikuwa mfanyabiashara mwenye duka kama wao.

Mwaka 1857, mji ukiwa mikononi mwa wana-People's Party, mtoza kodi alifika dukani kudai kodi ya kichwa. Gibbs na Lester walikataa kuilipa, kwa hoja kwamba hawaruhusiwi kupiga kura. Viatu vikachukuliwa vikapelekwa mnadani. Mzungu mmoja mwenye kuwatakia heri akapita katikati ya watu akieleza jinsi vilivyopatikana na kuomba asitokee wa kutaja bei. Hakutokea. Bidhaa zikarudishwa dukani, na kodi ile hawakudaiwa tena.

Mwaka uliofuata dhahabu iligunduliwa mto Fraser, katika koloni la Uingereza kaskazini, na Gibbs akaondoka na mamia ya watu weusi wa California kwenda Victoria, ambako alichaguliwa diwani. Watu weusi wa California waliruhusiwa kutoa ushahidi mwaka 1863, Wachina wakangoja hadi 1872. Mwaka 1873 Gibbs alichaguliwa hakimu wa mji wa Little Rock, Arkansas, na mwaka 1897, akiwa amevuka miaka 70, Rais McKinley alimteua kuwa balozi mdogo wa Marekani huko Tamatave, Madagaska.